Harufu ya Jike Asiyekuwepo

Mkamwana wangu tulimwita Chiriku. Jina hilo nilimpa mimi mwenyewe, siku ile ile alipoingia nyumbani kwangu. Hata viatu hajavua, ameshaniuliza habari ya kuku, ya goti langu, ya pazia lililochanika, na swali la kwanza sijamaliza kulijibu yeye yuko la nne. Nikamgeukia mwanangu nikamwambia, "Haya bwana, umeniletea chiriku." Wakacheka wao wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa mjane wa muda mrefu, nimeizoea nyumba yangu na utulivu wake, sasa kuna mtu anaimba akiosha vyombo, anamgombeza paka, anabishana na redio.

"Wewe mtoto, mdomo wako haupoi?" nilikuwa namuuliza.

"Ukipoa, mama, ujue nimekufa. Unitafutie sanda."

Ndivyo tulivyoishi. Tuligombana kuhusu chumvi, kuhusu madirisha, kuhusu nani kahamisha ufagio wa nani. Waliotusikia kutoka nje walidhani ipo siku tutatoana macho. Wajinga hao. Mtu hagombani kutwa na asiyempenda. Asiyempenda humpita tu, akaenda zake.

Sasa ameondoka, na nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji inavyokoroma. Kwa umri wangu sina haya ya kusema: ninamtaka yule mtoto arudi. Nataka aje anisumbue.

Kilichomwondoa ni makadamia. Wazo lilikuwa lake. Alisikia mahali, akasoma kwenye simu, akatuganda masikioni mpaka tukakubali kung'oa mahindi yetu ya siku zote na kupanda zao ambalo hakuna mtu huku kwetu aliyewahi kuliona likiwa mtini. Watu walicheka. "Mnalima mawe?" waliuliza, maana kokwa la makadamia ni gumu, nyundo yenyewe inaomba msaada. Halafu ile miti haina haraka hata kidogo. Unaipanda, unaipalilia, unaibebea maji kiangazi kizima, nayo inakutazama tu, mwaka unaingia mwaka unatoka. Na tumbo halisubiri mti. Ndipo Chiriku akapata kazi nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Siku aliyofunga mizigo alinishika mikono yote miwili. "Makadamia yakijaza ghala, narudi. Siku hiyo hiyo, mama, hata kama nimeacha chai mezani."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la mkewe. Akasema, "Sawa." Huyo ndiye mwanangu. Ukimpa maneno kumi anakurudishia tisa na kuomba radhi kwa lile moja alilotumia. Lakini sweta la mkewe lililobaki limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chao hajaliondoa hadi leo, na mimi siku za kufua nalipita kama sijaliona.

Huko aliko Chiriku kuna bibi mmoja, sijui ni nani, sijui ana nini cha ajabu, kila asubuhi mkamwana wangu anamchana nywele. Aliniambia mwenyewe, tena kwa upole, "Ana nywele laini, mama, kama za mtoto." Sikulala vizuri baada ya hapo. Mimi mama mkwe wake halali najichana mwenyewe, na mkono wangu haufiki kisogoni.

Msimu uliopita miti ilizaa kwa mara ya kwanza uzao wa kueleweka. Tukasema sasa yamekwisha. Kumbe nondo walikuwa wametutangulia. Unaokota makadamia zima, zuri, unalibandua ganda la kijani, unakuta tundu dogo la sindano. Ukilivunja, ndani kalala funza mnene, kashiba, anakutazama kama wewe ndiye uliyeingia kwake bila hodi. Tulitupa mengi kuliko tuliyoweka. Ghala lilijaa pembe moja tu, na pembe moja si ghala. Tulipompigia Chiriku, akasema, "Basi msilie. Nitasaini mkataba tena." Alisema tusilie huku analia yeye.

Kwa hiyo msimu huu ulikuwa ndio wenyewe. Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na mavuno, na mabosi wake walishampa karatasi ya kuongeza muda. Alituambia wazi, "Sisaini chochote mpaka nisikie habari ya ghala." Ghala likijaa, anarudi. Funza wakitushinda tena, anasaini. Hapo hapakuwa na cha kutafsiri.

Mwanangu akaenda kumleta bibi shamba. Ni msichana mdogo, mwembamba, anakuja na pikipiki na mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake, akitembea unasikia plap, plap. Nilipomwona nikasema kimoyomoyo, tumekwisha. Lakini alipoingia shambani alipiga magoti chini ya kila mti, akaokota, akachana, akanusa, na nguo yake nzuri ikachafuka magotini bila yeye kujali. Nikampenda kidogo.

Akafungua boksi lake akatoa vikamba vyekundu vya plastiki. "Hii ni harufu ya nondo jike," akasema. "Jike akitaka mume hutoa harufu, na dume huifuata hata kutoka mbali. Tukitundika hivi kwenye kila mti, shamba zima litanuka jike. Dume ataruka huku, ataruka kule, kila mahali ananusa mke, na mke mwenyewe hamwoni. Atazunguka mpaka achoke. Jike naye atabaki bila mume, asiwe na mayai ya kutaga kwenye makadamia yenu."

Nilicheka mpaka nikashika shina la mti nisianguke. "Yaani nyie mmekaa darasani miaka yote hiyo mkasomea kuwatesa wanaume?"

"Bora mateso kuliko sumu, bibi. Sumu inaua nondo, lakini inaua na nyuki wanaochavusha maua yenu, inaua na nyigu wadogo wanaomaliza mayai ya nondo. Baada ya muda nondo wanarudi. Nyigu hawarudi. Hapo mtapulizia mpaka mchoke."

Nilimtafuta mwanangu ili tucheke pamoja. Alikuwa juu ya ngazi, ameshikilia kikamba kimoja karibu na pua, anakinusa kwa makini.

"Hakina harufu," akasema.

"Kwako wewe," bibi shamba akamjibu. "Si jike wako."

Hakucheka. Alikitundika kile kikamba, akashuka, akahamisha ngazi mti wa pili. Alitundika shamba zima siku hiyo, na mimi nikiwa chini namshikia ngazi kicheko kikaniishia taratibu. Nilimhurumia. Kuna wakati mama hana la kufanya ila kushika ngazi.

Bibi shamba aliacha pia mitego michache ya karatasi ngumu, kama vibanda vidogo, ndani imepakwa gundi. Hiyo ilikuwa ya kutupa habari tu. Ikiwa mitupu, madume wamepotea na mambo ni mazuri. Ikianza kujaa, tumwite. Mimi nilipewa kazi yangu: kila asubuhi kuokota makadamia yaliyoanguka kabla ya wakati, kwa sababu funza hukaa humo, na kuyatia yote kwenye pipa jeusi lenye kifuniko, liwekwe juani mpaka waive humo ndani.

"Yote, bibi," alisisitiza. "Hata yanayoonekana mazima."

"Nimesikia. Masikio yangu hayajazeeka."

Nilisikia kweli. Niliokota kila asubuhi, nimejifunga kitambaa kiunoni, nikizungumza na ile miti maana sina mwingine wa kuzungumza naye. Lakini ilikuwa nikikuta moja kubwa, la mviringo, ngozi ya kijani inang'aa, halina hata doa, moyo unakataa. Chiriku alipanda miti hii kwa mikono yake na hajawahi kuonja tunda lake. Hajawahi hata kulishika. Nikawa naliangalia, naligeuza, nalitia mfukoni. Niliyaweka kwenye gunia chini ya kitanda changu. Akirudi, nilijisemea, kabla hajavua viatu nitamwekea gunia mapajani. Nilikuwa nikienda kulala naligusa kwa mguu, napata usingizi.

Kila Jumapili alipiga simu. Zamani simu zake zilikuwa zinamaliza chaji. Atakuambia mvua ya huko, viatu vya bosi wake, mzee aliyeficha meno ya mwenzake, mpaka unaomba ruhusa ukatazame jiko. Msimu huu zikawa fupi.

"Miti inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri."

"Nondo?"

"Wachache sana."

"Haya. Msalimieni paka."

Nikalaumu mtandao. Kisha nikalaumu simu yangu, mwanangu akaninunulia nyingine. Chiriku akabaki vile vile, uso wake kwenye kioo kipya, safi kabisa, amekaa tu ananitazama. Nilimuuliza kama anaumwa. "Hapana, mama, nimechoka kidogo." Nikajipa moyo kwamba akirudi atapumzika.

Makadamia yalipoanza kukomaa, mitego ya upande wa barabarani ilikuwa mitupu kama ilivyowekwa. Lakini ile iliyo karibu na nyumba ikaanza kunasa. Leo nondo wawili watatu, kesho zaidi, na mwisho gundi haikuonekana kwa mabawa. Mwanangu alikagua miti ya nyuma ya jikoni akakuta mayai juu ya maganda, madogo, yamebandikwa moja moja. Alirudi ndani hakula. Kesho yake kabla ya saa sita nikamwona anaingia uani na pampu mgongoni.

Pampu ilikuwa ya jirani yetu tunayemwita Mzee wa Pampu, mtu ambaye akiumwa kichwa nadhani anajipulizia. Mwanangu aliitua chini ili achanganye dawa. Harufu yake ikanifikia jikoni. Nilitoka na kitambaa changu kiunoni, nikaikalia.

Ndiyo, niliikalia pampu. Ilikuwa ngumu, mpini unanichoma ubavuni, lakini nilikaa kama nipo kwenye kochi.

"Mama, ondoka."

"Siondoki."

"Mama, usinifanyie hivi."

"Mnunuzi anapima. Akikuta sumu atayakataa yote, mabovu na mazima. Na nyuki wakifa, maua ya mwakani utayachavusha wewe? Utapanda juu ya mti ukalie ua?"

"Mavuno haya yakiharibika harudi!" alipiga kelele. Mwanangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu aote meno. "Unaelewa, mama? Atasaini. Harudi. Mimi siwezi tena. Siwezi kuingia kile chumba tena peke yangu." Akageuka akaangalia ukuta.

Nilitamani kuinuka nimkumbatie, lakini ningeinuka angechukua pampu. Nikamwambia nikiwa nimekaa pale pale, "Mpigie bibi shamba. Akisema pulizia, naibeba mgongoni mimi mwenyewe."

Bibi shamba alifika na vumbi lake. Hakuuliza mengi. Alianzia mitego ya mbali, akaja akisogea, mtego kwa mtego, plap, plap, mpaka akafika ukutani mwa nyumba. Akasimama, akakuna kichwa.

"Hawa hawatoki shambani," akasema. "Wanatoka nyumbani kwenda shambani."

Alikagua ghala, safi. Alikagua jiko, safi, na angekuta uchafu ningemshangaa maana jiko langu nalijua. Kisha akasimama mbele ya mlango wangu. "Bibi, samahani, naomba niangalie chumbani."

"Chumbani kwangu kuna nini? Nondo wamepanga?"

Nilisema hivyo, lakini gunia nilishalikumbuka. Akaingia, akatazama dirisha, akatazama dari, akapiga magoti. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema akicheka, na mkono wake ukashika gunia langu. Alipolivuta na kulifungua hakucheka tena. Nondo waliruka usoni kwake, wadogo, wa kijivu, wakagonga kioo cha dirisha. Ndani yale makadamia yangu mazuri yalikuwa yamejaa utando na unga unga, kila moja na tundu lake.

Nilikaa kitandani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekilalia.

"Lakini harufu tumetundika kila mti," mwanangu akasema kutoka mlangoni. Bado alikuwa na glavu za pampu mikononi. "Hawa mbona hawakupotea?"

"Wa shambani walipotea kweli," bibi shamba akajibu huku analifunga gunia. "Hawa wameamka ndani ya gunia moja, dume ubavuni kwa jike. Wanatoka hapa wameshaoana. Waliolala chumba kimoja hawahitaji harufu kutafutana."

Alisema kama mtu anavyosema mambo ya kazi yake. Hakujua anaongea mbele ya nani. Mwanangu alivua glavu, moja, halafu nyingine, akaziweka mezani kwangu akatoka. Nikasikia bomba la uani linafunguliwa, na maji yakamwagika kwa muda mrefu bila ndoo chini yake.

Tulilizamisha gunia kwenye pipa la maji mimi na bibi shamba, tukaweka kifuniko, tukaweka jiwe juu ya kifuniko. Nililia waziwazi. Sikulilia aibu, aibu nimeshaizoea. Nililia kwa sababu katika watu wote waliomtaka Chiriku arudi, mimi ndiye niliyekuwa nawafuga waliomzuia.

Jioni mwanangu alikuja akakaa kwenye kigoda karibu yangu.

"Nilikuwa namwekea yeye," nikamwambia.

"Najua, mama. Hata mimi lile sweta nimekataa kulifua." Kisha akachukua sahani yangu akaniongezea chakula, na hakuwahi kulitaja gunia lile tena.

Pampu ilirudishwa kwa mwenyewe, aliyesema, "Haya, mtavuna nyama ya funza." Bibi shamba alituletea kadi ndogo za karatasi zenye mayai ya wale nyigu wake, wadogo kuliko chembe ya chumvi. Ukiwaangalia unasema huyu anaambiwa ana miguu, iko wapi? Kazi yao ni kutaga ndani ya yai la nondo, na yai hilo halitoi funza, linatoa nyigu mwingine. Tulitundika kadi nyuma ya jikoni, pembeni mwa ghala, na dirishani kwangu pia, nilisisitiza mwenyewe.

"Baada ya hapo tunafanya nini?" mwanangu akauliza.

"Mnasubiri."

Kusubiri! Rahisi kusema ukiwa na pikipiki. Tulisubiri kama watu walioweka mgonjwa chumba cha upasuaji. Kila asubuhi niliokota, kila nililookota nililitia pipani, zuri na baya, na mkono ulipotaka kwenda mfukoni niliupiga kofi. Mwanangu alizunguka miti ya nyuma na kioo cha kukuzia, akitafuta mayai yaliyogeuka meusi, maana yai jeusi lina nyigu ndani. Siku alipolikuta la kwanza aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi. Nikatazama. Kinukta cheusi. Nikamwambia ni kizuri sana.

Mitego ya karibu na nyumba ikapungua, ikawa mitupu. Na makadamia yakaanguka kwa wakati wake, usiku na mchana, yakigonga bati la ghala kama watoto watukutu. Tuliokota, tukabandua maganda, tukayaanika kwenye vichanja. Bibi shamba alikuja akakaa nasi kwenye sakafu ya saruji na nyundo tukavunja ya kila upande wa shamba. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Ya nyuma ya jikoni yalikuwa na mabovu kadhaa, niliyachambua mimi peke yangu, sikumruhusu mtu anisaidie. Mengine yote yaliingia ghalani, na ghala likajaa mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa.

Hatukungoja Jumapili. Mwanangu alipiga simu pale pale mlangoni, akaigeuza, akamwonyesha magunia yaliyopangana mpaka dirishani.

"Limejaa," akasema.

Chiriku aliweka mkono mdomoni. Nikasogeza sikio nipate kigelegele. Nimekingojea miaka.

"Hongereni," akasema.

Hongereni! Kama jirani aliyepita njiani. Nilimnyang'anya mwanangu simu. "Hongereni ya nani? Miti yako, ghala lako. Ulisema ghala likijaa unaacha chai mezani. Iko wapi hiyo chai?"

"Nimeona, mama. Nimefurahi, kweli nimefurahi." Akatazama pembeni. "Si mmeweza? Hata bila mimi mmeweza."

"Ile karatasi yao umesaini?"

"Bado. Iko hapa mezani."

"Na kalamu?"

"Iko hapa."

Mwanangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye magunia, uso wake umekauka. Nilihisi hasira inapanda kutoka miguuni, halafu nikamtazama vizuri yule mtoto kwenye kioo, alivyokaa, mabega alivyoyakunja, na hasira ikaishia njiani.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

Chiriku akasema, "Mama, mimi siongei tena."

"Huongei vipi? Sasa hivi unafanya nini?"

"Huku kutwa nzima nasema meza dawa, geuka, pole, lala. Kwa lugha yao. Nikirudi chumbani sina wa kusema naye, nikazoea. Juzi nimejaribu kuimba nikioga, maneno hayakuja, nikazima maji nikatoka. Nyinyi mnamngoja Chiriku. Mimi namjua, hayupo. Nitakuja nikae hapo kama mgeni, mnitazame, mjute kwamba mmeningoja bure. Bora mngoje kuliko mjute."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema msimu mzima, na aliyasema kwa sauti ndogo, bila kupumzika. Nikaelewa kwamba mtandao haukuwa na kosa lolote.

"Wewe," nikamwambia, na mimi nalia, "nani kakudanganya kwamba nilitaka kelele zako? Si nilikukataza kila siku? Njoo unyamaze hapa. Kaa pale jikoni mwaka mzima usiseme neno, nikikuuliza tikisa kichwa. Kuongea nitaongea mimi. Kwani mimi ni bubu?"

 Mwanangu akainuka, akaichukua simu mkononi mwangu, akaishika karibu na uso wake. Nilidhani atasema "sawa" lake, na kama angelisema Mungu anajua ningempiga.

"Mimi sijawahi kuongea," akasema. "Ulinichoka?"

"Hapana," Chiriku akasema.

"Ulijuta?"

"Hata siku moja."

"Basi."

 Uso wa Chiriku ukatoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama ukuta mweupe wa nchi ya watu na kona ya dirisha. Mwanangu hakukata, na mimi nilimshika mkono asithubutu kukata. Tulisikia kiti kinaburutwa, mtu anapanda juu yake, halafu kitu kizito kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Chiriku!" nikaita. "Kuna nini huko? Unafanya nini?"

"Nateremsha sanduku," akasema.